Saa 312 kwa Bawa Moja: Shajara ya Ndege ya Chama Chetu

Jumamosi, 18 Januari 2025. Saa za kazi hadi leo: 0

Tumelipa kodi ya miezi mitatu ya godauni hapa Baba Dogo. Mlango wa mabati, sakafu ya saruji yenye nyufa, stima inayopotea kila mvua ikinyesha, na jirani wa kushoto anayechomelea mageti kutwa nzima. Tuko wanane. Chama kilianza kama vyama vingine vyote, kwa kuchanga kila mwisho wa mwezi, na mpango wa kwanza ulikuwa kununua ploti. Ndege iliingia kwa utani. Daktari wa mifugo aliye kati yetu alilalamika kwamba akienda kuona ng'ombe kule ndani Kajiado, nusu ya siku inaishia barabarani. Mwenye matatu akamwambia, "Daktari, basi tukununulie ndege." Tukacheka. Mkutano uliofuata mwalimu wa hesabu akaja na karatasi mbili zilizojaa tarakimu, na kicheko kikaisha.

Mimi ni fundi wa ndege pale uwanja wa Wilson, Nairobi, huu mwaka wa 14. Najua ndege inavyokula pesa kwa sababu mimi ndiye ninayeilisha.

Mwalimu alianza na Cessna 172, ambayo kila mtu wa Lang'ata ameiona ikipita juu ya nyumba yake. Ilipaa mara ya kwanza mwaka 1955, zimeshatengenezwa zaidi ya 44,000, na hakuna ndege yoyote duniani iliyotengenezwa kwa wingi kuishinda. Mpya leo inauzwa zaidi ya dola 400,000. Dola ikiwa shilingi 129, hiyo ni zaidi ya milioni 51. Mwalimu akaniuliza, "Ikiwa tupu ina kilo ngapi?" Nikamwambia kama 750, pamoja na injini. Akavua miwani. "Fundi, gari la kawaida linazidi kilo hizo. Sasa milioni zote hizi zimekaa wapi?"

Nilimjibu haraka haraka: karatasi za ithibati, bima ya kesi za mahakamani, na saa za watu. Karatasi hatuna uwezo nazo, na kusema kweli sitaki zipungue, kwa sababu nimeona kinachotokea zikipungua. Saa ndizo zilizo mikononi mwetu. Kwa hiyo tumekubaliana: kila kazi itakayofanyika humu ndani itaandikwa dakika zake kwenye daftari la bluu lililofungwa kwa kamba kwenye mguu wa meza. Asiyeandika hanywi chai.

Michoro tuliyonunua ni ya ndege ya viti viwili, bawa juu, mwili mzima wa bati la alumini, uzito wa mwisho wa kupaa kilo 500. Barua ya kuwajulisha KCAA, mamlaka ya usafiri wa anga Kenya, imeshapelekwa kabla ya nyundo ya kwanza. Hilo lilikuwa sharti la Mzee. Mzee ni fundi aliyestaafu, alinifundisha kazi, na hapa kwetu akikohoa mkutano unanyamaza.

Jumamosi, 8 Februari 2025. Saa: 22

Meza ya kazi imekamilika, mita 4.2 kwa 1.3, imesawazishwa kwa mpira wa maji wa mafundi wa nyumba. Mengine ya wiki hii yote yamefunikwa na kisa cha bati.

Michoro inataka aloi ya alumini ya 6061-T6, unene kati ya nusu milimita na milimita moja. Hiyo T6 maana yake bati limepashwa moto, likapozwa ghafla, kisha likaokwa tena kwa joto la chini mpaka likakomaa. Dukani kwa mabati ya paa hulipati. Mweka hazina alipata duka moja Industrial Area linalouza "bati la ndege" kwa chini ya nusu ya bei ya kuagiza. Alileta karatasi moja juu ya pikipiki, imekunjwa kama mkeka, akiwa na furaha ambayo iliniuma kuivunja.

Mzee hakusema kitu. Alikata kipande cha upana wa vidole viwili kutoka bati lile, na kingine kutoka kibaki cha 6061-T6 nilichokuwa nacho kwenye sanduku langu, chenye namba zake bado. Akavibana vyote viwili kwenye jiliwa, akavikunja pamoja hadi pembe mraba, akaviachia. Cha kwangu kiliruka nyuma, kikasimama juu ya kile kingine kama mtu aliyeitwa jina lake. Cha dukani kikalala pale pale kilipoachwa. "Hii ni sufuria, mwanangu," Mzee akamwambia mweka hazina. "Pika nayo."

Mizani haisaidii hapa. Aloi laini na aloi ngumu za alumini zote zina uzito wa karibu gramu 2.7 kwa sentimita ya ujazo. Tofauti iko kwenye mvutano: 6061-T6 huanza kuvutika bila kurudi kwenye megapaskali 276 hivi, wakati aloi laini kama 3003-H14 hukata tamaa karibu na nusu ya hapo. Ukiwa chini zote zinang'aa sawa.

Tutaagiza nje, bati lenye cheti cha kiwandani na namba ya bechi. Pesa zitauma. Lakini nilipiga hesabu ya bati lote la ndege, hata na meli na ushuru, na bado ni kipande kidogo cha gharama. Kubana pesa kwenye bati ni kama kubana chumvi kwenye pilau ya watu mia.

Jumamosi, 15 Machi 2025. Saa: 71

Mbavu. Bawa moja lina mbavu 14 zinazolipa umbo lake, na kila moja hukunjwa kutoka bati bapa juu ya kalibu ya mbao.

Kalibu tumechonga kwa mvule, vipande viwili vinavyobana bati katikati kama sandwichi, kingo zikiwa zimeviringwa milimita 3. Hiyo milimita 3 si mapambo. Ukikunja T6 kwenye kona kali, bati linapasuka kwa ndani na ufa huuoni mpaka siku mbaya. Unabana, kisha unapiga ukingo kwa nyundo ya plastiki, polepole, kutoka mwisho mmoja hadi mwingine, pigo jepesi juu ya pigo jepesi, kila mzunguko bati likilala nyuzi chache zaidi. Ukiwa na haraka ukingo unafanya mawimbi kama rinda la bibi arusi. Hata ukienda pole, mahali ambapo umbo limepinda kuna bati la ziada lisilo na pa kwenda, na ubavu ukitoka kwenye kalibu umejipinda kama ndizi. Hapo unachukua plaisi maalumu na kuminya vijikunjo vidogo kwenye ukingo, kimoja katikati ya kila matundu mawili ya ribiti (vipini vya kuunganishia bati), na kwa kila kijikunjo ubavu unanyooka kidogo. Kijana wetu, mwanafunzi wa ufundi tuliyempa kiti cha nane cha chama kwa nguvu zake, amelishika hilo kuliko mimi. Anaminya, anaulaza ubavu mezani, anachungulia mwanga chini yake, anaminya tena.

Daftari la bluu linasema hivi. Ubavu wa kwanza: dakika 190. Wa pili: 150. Wa nne: 115. Halafu mwenye matatu, ambaye hajawahi kugusa bati maishani, akauliza kwa nini kila mara tunapima upya mahali pa kutoboa matundu ya kuongozea wakati kalibu ni ile ile. Tukanyamaza wote. Tukaingiza pini mbili za chuma kwenye kalibu. Ubavu wa nane: dakika 70. Wa 14: dakika 34.

Mwalimu aliporudi Jumatatu alikuwa na jina la hii kitu. Mwaka 1936 mhandisi Mmarekani aitwaye Theodore P. Wright (si ndugu wa wale Wright wawili wa kuruka) aliandika kwamba kila idadi ya ndege zilizotengenezwa ikiongezeka maradufu, saa za kazi kwa ndege moja hushuka kwa karibu asilimia 20. Ya kwanza saa 100, ya pili 80, ya nne 64. Sisi tumeshuka kwa kasi zaidi ya hapo, lakini mwalimu hakutuacha tujisifu: ubavu wetu wa kwanza ulikuwa mbaya mno, na ukianzia shimoni kupanda ni rahisi.

Jambo hilo ndilo lililoniweka macho usiku. Marekani mwaka 1978 ilitengeneza ndege ndogo zaidi ya 17,000. Mwaka 1994 hazikufika 1,000. Kesi za fidia, bei za mafuta, uchumi, na ndege kuukuu ambazo hazifi. Sababu ni nyingi. Cessna yenyewe ilikuwa imeacha kutengeneza ndege za pistoni mwaka 1986, ikarudi baada ya sheria ya 1994 iliyomlinda mtengenezaji asishtakiwe kwa ndege ndogo iliyopita miaka 18. Ila mteremko wa Wright una upande wake wa pili: ukitengeneza chache, unapanda nao kurudi juu. Bei inapanda kwa sababu wanunuzi ni wachache, na wanunuzi ni wachache kwa sababu bei imepanda.

Jumamosi, 26 Aprili 2025. Saa: 149

Masika. Paa linavuja mahali pawili. Bati jipya, lile lenye cheti, tulikuwa tumeliweka sakafuni na magazeti katikati ya kila karatasi lisikwaruzane. Wazo langu. Magazeti yakanywa maji wiki nzima na kuyashikilia juu ya alumini kama kitambaa cha mgonjwa wa homa. Tulipofunua: madoa meupe, na mahali pamoja unaweza hata kusoma kichwa cha habari kwa kinyume.

Karatasi tatu. Mbili zimesafishika, ya tatu ina vijishimo ukiiangalia kwa kioo cha kukuzia. Itakatwa violezo na vipande vya mazoezi. Saa 11 zimeandikwa kama "makosa", kwa jina langu. Sasa bati linasimama wima kama vitabu.

Jumamosi, 14 Juni 2025. Saa: 371

Bawa la kushoto limefungwa. Limelala mezani, na watu wanaopita kwenda kwa mchomeleaji wanasimama mlangoni kuangalia. Mama anayetuuzia chai amelipigapiga kwa kidole, akasikiliza, akasema, "Kumbe ni tupu ndani." Ndiyo, mama. Ndiyo maana litaruka.

Kwa ribiti tunatumia za kuvuta, zinazofungwa kutoka upande mmoja. Chris Heintz, mchoraji wa ndege za Zenith, alileta ujanja tuliouiga: ribiti yenye kichwa bapa, lakini pua ya bunduki ya kuvutia ribiti imechimbwa kidogo, hivyo ikivutwa kichwa kinaumuka na kuwa kama kuba dogo linaloshika bati vizuri. Haihitaji mtu wa pili kushikilia chuma upande wa ndani. Kwa ndege inayojengwa na mwalimu na daktari wa ng'ombe, hilo peke yake ni mtaji.

Sasa saa. Bawa hili limekula 312. Nilitarajia ribiti ziwe zimekula nyingi, maana ziko kama 2,300. Tuliketi na mwalimu Jumapili yote tukigawanya daftari:

kupima na kuchora, 97. Kukata na kukunja, 64. Kutoboa na kulainisha kingo, 72. Kupiga ribiti, 38. Kurekebisha makosa, 41.

Ribiti 38 tu! Karibu theluthi nzima ya bawa ni mtu aliyeinama na rula na kalamu ya wino, akiuliza mwenzake, "Umesema mia nne kumi na saba au kumi na saba nukta tano?" Na yale 41 ya makosa, karibu yote ni watoto wa yale 97: tundu limechorwa upande usio wake, mstari umeanzia ukingo usiofaa. Miaka 14 nimekuwa nikiamini kazi ya ndege ni nyundo. Wilson hatuoni hilo kwa sababu ndege inatufikia ikiwa na matundu yake tayari.

Uamuzi: bawa la kulia halitachorwa. Hatutaruhusu rula karibu nalo. Tutatengeneza violezo vya chuma cha milimita 2 vyenye matundu yote, unakilaza juu ya bati, unakibana, unatoboa kupitia humo. Wazo ni la zamani. Van's Aircraft wa Oregon, ambao ndege zao zaidi ya 11,000 zimeshajengwa na watu majumbani na kuruka, waliuza sana kwa sababu vipande vyao hufika vikiwa na matundu yanayolingana, unaunganisha bila kupima.

Violezo vitakatwa kwa leza, kuna mashine nzuri Industrial Area. Kijana akauliza, kwa nini tusikate na bati lenyewe kwa leza, tumalize? Ni swali zuri na lina jibu la gharama. Hao hao Van's mwaka 2023 waliingia matatizoni, mojawapo ya sababu ikiwa vipande vilivyotobolewa kwa leza ambavyo vilipata nyufa kwenye matundu vilipokuwa vikifanyiwa kazi. Desemba mwaka huo wakaomba ulinzi wa mahakama dhidi ya wadai, na mwaka uliofuata wakatoka salama. Leza itagusa chuma cha violezo. Bati la ndege litatobolewa kwa keekee, matundu madogo kwanza, kisha yapanuliwe hadi saizi yake.

Jumamosi, 26 Julai 2025. Saa: 431

Mwezi wa vipande vipande. Jumatano ile ya 25 Juni na tena Saba Saba barabara zilifungwa kwa maandamano, violezo vikakaa kwa mkataji, na hakuna aliyekuwa na moyo wa kupiga ribiti. Violezo vimefika sasa, 19, vina uzito wa kuvunja mgongo. Vimetugharimu saa 54 mpaka leo, kuanzia kuchora kwenye kompyuta hadi kuhakiki kila tundu kwa kalipa.

Habari kutoka maonyesho ya ndege ya Oshkosh wiki hii: Marekani wametangaza kanuni mpya wanazoziita MOSAIC. Kanuni zao za ndege nyepesi za mwaka 2004 zilifunga uzito kwenye kilo 600 na viti viwili. Sasa ukomo ule wa uzito umeondolewa, na kinachoangaliwa zaidi ni mwendo ambao bawa linaacha kubeba. Kwa rubani wa Kenya haibadilishi kitu kesho asubuhi. Ila mtengenezaji atakayeweza kuuza ndege ya maana bila kupitia ithibati nzima ya ndege kubwa atatengeneza nyingi, na mteremko wa Wright utamteremsha. Mitumba yake itatufikia siku moja, kama kila kitu.

Mjadala wa injini umeanza na utatugombanisha. Kundi la kwanza, likiongozwa na mweka hazina, linataka injini ya Volkswagen ya kupozwa kwa hewa, iliyobadilishwa kuzungusha propela moja kwa moja. Watu wameruka nazo miongo mingi, ni nyepesi, bei yake ni sehemu tu ya bei ya Rotax, injini iliyoundwa kwa ndege ndogo. Kubwa kabisa hutoa nguvu farasi kama 80. Pwani, hayo ni mazungumzo. Hapa je? Wilson iko futi 5,536 juu ya bahari. Injini isiyo na turbo hupoteza karibu asilimia 3 ya nguvu kwa kila futi 1,000, kwa hiyo zile 80 zinakuwa 66 au 67. Na hapo ni siku ya baridi. Mchana wa nyuzi 27, hewa yetu inakuwa nyembamba kama ya futi 8,300, na haipunguzi injini pekee. Bawa na propela navyo vinashika hewa ile ile nyembamba. Ndege inayopaa kwa mita mia moja kwenye karatasi za Marekani, hapa inataka uwanja na sala.

Rotax 912 ya nguvu farasi 100 inatuachia kama 83. Inazidi dola 20,000, ambayo ni zaidi ya shilingi milioni 2.5, yaani ghali kuliko kitu kingine chochote ndani ya ndege. Mtengenezaji anaipa saa 2,000 kabla ya kufunguliwa yote. Na inakunywa petroli ya kituo cha kawaida, mradi oktani itoshe. Avgas 100LL, petroli ya ndege, ni ghali zaidi na hadi leo ina madini ya risasi, gramu hadi 0.56 kwa lita, miaka minne baada ya shirika la mazingira la Umoja wa Mataifa, hapo hapo Gigiri, kutangaza mwaka 2021 kwamba petroli ya magari yenye risasi imeisha duniani.

Mzee alisikiliza yote, kisha akauliza mweka hazina, "Uko futi mia mbili juu ya Kitengela, injini inakohoa. Ungependa tuwe tumebana pesa wapi?" Hilo si jibu la hesabu, na mweka hazina alisema hivyo kwa heshima. Tumeahirisha.

Jumamosi, 30 Agosti 2025. Saa: 579

Bawa la kulia: saa 148.

Kupima na kuchora 21, kukata na kukunja 39, kutoboa na kulainisha 44, ribiti 35, makosa 9. Tazama ribiti zilivyokaa pale pale. Mkono wa mtu una mwendo wake. Kupima ndiko kulikoanguka, na makosa yakaanguka nako.

Nataka kuwa mkweli na zile 54 za violezo, maana nimeona watu wakitangaza saa za kujenga ndege huku wakificha miaka ya kutengeneza vifaa. Kama tutajenga ndege moja tu, bawa hili kwa haki lina saa 202. Tukijenga tano, mzigo wa violezo unagawanyika mpaka hauonekani. Mwalimu ananikumbusha pia kwamba bawa la kushoto lilikuwa shule yetu, na karo ya shule huwezi kuilinganisha na mshahara. Sawa. Bado 148.

Kumekuja mtu wa pili kuuliza kama tunaweza kumkatia seti ya mbavu. Tumemwambia bado.

Jumamosi, 4 Oktoba 2025. Saa: 688

Mkia umekamilika, fremu ya mwili imesimama kwenye jigi, kishikio kinachoiweka sawa wakati wa kuunganisha. Kura ya injini imepigwa: Rotax, watano kwa watatu. Mweka hazina ameomba iandikwe kwenye kumbukumbu kwamba alipinga. Imeandikwa.

Ili kumtuliza tulifanya hesabu ya kumiliki, ambayo watu huisahau wakishikwa na homa ya kujenga. Maegesho, bima, ukaguzi wa mwaka, akiba ya injini: tumekadiria 720,000 kwa mwaka hata isiporuka. Mtu mmoja tajiri akiruka saa 50 kwa mwaka, kila saa imebeba 14,400 kabla hajaweka petroli. Sisi wanane tukiruka saa 40 kila mmoja, ni 320, na kila saa imebeba 2,250. Petroli, lita 18 kwa saa kwa bei ya shilingi 185, ni 3,330. Jumla 5,580 kwa saa. Daktari amefananisha na dizeli na siku zake za Kajiado, na hakusema kitu, akachukua kalamu na kuanza kuandika ratiba ya foleni.

Na injini inayoruka mara nyingi haipati kutu ndani. Nimefungua zilizolala miaka miwili, afadhali iliyochoka.

Jumamosi, 25 Oktoba 2025. Saa: 731

Jaribio la uzito, bawa la kulia.

Hesabu kwanza. Ndege kilo 500, mabawa yote mawili kilo 60. Bawa halijibebi lenyewe hewani kwa namna linavyobeba mwili, kwa hiyo 440 mara 3.8 (mara ngapi ya uzito wake ndege inaruhusiwa kubebeshwa ikitumika), ni 1,672. Bawa moja 836. Tunaligeuza juu chini na kulifunga kwenye fremu ya chuma pamoja na nguzo yake, na kwa kuwa limegeuzwa uzito wake wenyewe wa kilo 30 tayari unalisukuma, zinabaki 806. Mifuko 32 ya mchanga ya kilo 25, na kilo 6 kwenye kikapu cha mama wa chai.

Tulipanga mingi karibu na mwili na michache ncha ya bawa, na karibu zaidi na ukingo wa mbele, kwa sababu huko ndiko hewa inakobebea. Mwenye matatu na kijana walipakia, Mzee aliita namba, mimi nilisoma rula kwenye ncha. Mifuko 8: milimita 15. Mifuko 16: 31. Kwenye wa 24 bati likasema PAP! na kila mtu akaruka nyuma, hata mchomeleaji akazima mashine na kuja mlangoni. Mzee aliinama na tochi. Kipande cha bati kati ya ubavu wa tano na wa sita kilikuwa kimebonyea kama kifuniko cha debe. Akakisukuma kwa kidole gumba, kikarudi, akakiachia, kikabonyea tena. "Anapumua," akasema. "Endelea."

Bati jembamba hufanya hivyo. Swali ni kama likiachiwa litarudi. Mifuko 32 na kikapu: milimita 64. Tukaacha dakika kumi. Hakuna aliyezungumza, na mimi nilikuwa nikihesabu vichwa vya ribiti kwenye mstari wa mhimili, kutoka mwilini hadi nchani na kurudi. Tulipopakua, ncha ikarudi hadi milimita 2. Mikunjo yote imetoweka. Zile 2 nadhani ni fremu iliyokaa vizuri kwenye bolti zake. Tutapakia tena wiki ijayo kuona kama zitaongezeka.

Inabaki kiwango cha kuvunjika, mara moja na nusu zaidi: 5.7. Huko bawa linaruhusiwa kujipinda lisinyooke tena, mradi libebe kwa sekunde tatu. Bawa litakaloruka hulipeleki huko. Unatakiwa kujenga jingine la kuvunja, na mwezi wa Juni hilo lilikuwa jambo la kuota tu. Nani ana saa nyingine 312 za kutupa? Leo Mzee alitazama violezo vilivyoegemea ukuta, akatazama daftari, akauliza, "Ya 148 mnayo?" Kijana akajibu anaweza kwa 130. Lile bati la tatu lenye madoa ya gazeti halitatumika, hata kwa kuvunja. Tunataka livunjike kwa sababu ya kweli.

Bawa la tatu linaanza Jumatatu. Hesabu yake ni mifuko 49. Mwashi anayejenga ghorofa nyuma yetu alikuja jioni kuuliza kama tunauza mchanga, akaambiwa arudi Januari, na mifuko mingine 17 imeagizwa.